Data zako mwenyewe au za wengine? Namna ya kuamua kwenye utafiti wa saikolojia

Wanafunzi wengi wa saikolojia wakifika mwaka wa mwisho wanakimbilia kuchapisha dodoso kabla hata hawajajua kama data wanazotafuta zipo tayari. Usianze hivyo. Andika swali lako kwa sentensi moja, alafu ndo uangalie nani ameshawauliza watu jambo hilo.

Tuseme unataka kujua kuhusu upweke kwa vijana wa sekondari. Hapo data za upili zipo, yani zilizokusanywa na wengine: utafiti wa afya ya wanafunzi wa WHO (GSHS) ulifanyika Kenya 2003 na Tanzania 2014, unapata faili mtandaoni bila kulipia na unaokoa nauli na miezi ya kuzunguka mashuleni. Ila fungua dodoso lenyewe usome swali lilivyoulizwa, usiishie kwenye kichwa cha ripoti. Mwanafunzi anaulizwa miezi 12 iliyopita alijisikia mpweke mara ngapi. Basi. Hicho sio kipimo cha sonona (depression), ukikiita hivyo msimamizi atakurudishia kazi na atakuwa na haki. Angalia pia nani hayumo, maana aliyeacha shule hakujaza.

Kama shida yako ni sonona hasa, basi kusanya mwenyewe, hizo ndo data za msingi. Tumia PHQ-9, dodoso fupi la kupima dalili za sonona: ina maswali 9, kila moja alama 0 mpaka 3, inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita tu, na tafsiri za Kiswahili zipo na zimeshafanyiwa majaribio kwahiyo usijitafsirie. Kibali cha maadili omba mapema, kinachukua muda, na Kenya utahitaji na cha NACOSTI, yani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Swali la 9 linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu akiweka alama yoyote juu ya sifuri, lazima uwe umeshapanga nani ataongea naye siku hiyohiyo, kwahiyo fomu unazipitia palepale kabla watu hawajatawanyika, sio unazibeba nyumbani ukazisome mwezi ujao. Huna mshauri nasaha wa kumpeleka? Usikusanye kwanza.

Na ukikusanya zako, weka na lile swali la upweke la GSHS neno kwa neno, alafu uliza vijana wa umri uleule, hapo utaweza kulinganisha majibu yako na ya Tanzania ya 2014.