"Cheers": si neno la glasi peke yake

Wiki yangu ya kwanza kazini Uingereza nilimshikia mlango mwenzangu aliyebeba maboksi mikono miwili. Akapita huku akisema "cheers." Nikaduwaa. Saa mbili asubuhi, hakuna glasi wala sherehe, tunapongezana kwa lipi? Kumbe alikuwa ananishukuru tu.

Kwa Waingereza neno hili hutembea sana nje ya meza ya vinywaji. Abiria akishuka basi humwambia dereva "cheers." Ukimwokotea mtu kalamu, "cheers." Rafiki anapokata simu, "cheers" tena, na hapo maana yake ni "haya, tutaonana." Hakuna jibu rasmi. Tabasamu au kutikisa kichwa kunatosha. Marekani ni tofauti. Kule limebaki zaidi kwenye kugonganisha glasi, na ukimshukuru keshia kwa "cheers" ataelewa, ila atadhani umepitia London kwanza.

Asili yake ndiyo iliyonifurahisha. Lilitoka Kifaransa cha kale, "chiere", yaani uso. Waingereza wakalichukua na maana hiyohiyo, na hata Shakespeare alipoandika "pale of cheer" alimaanisha mtu aliyesawijika uso. Kutoka usoni likahamia kwenye hali ya moyo inayoonekana usoni, kisha likaegemea upande wa furaha. Sisi tuna njia hiyohiyo: tukisema fulani ana uso mkunjufu, hatuzungumzii ngozi. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Yohana 16:33 inasema "be of good cheer", yetu inasema "jipeni moyo." Baadaye likawa pia jina la kelele za shangwe. Kulitamka wakati wa kuinua glasi kulishika karne ya 20 tu, na kulitumia kama asante kukaja nyuma ya hapo.

Tukirudi mezani: kwenye harusi au hafla ya kumuaga mtu, usianze kunywa kabla msemaji hajamaliza. Akiinua glasi, inua yako, mtazame machoni uliye karibu naye, sema "cheers", piga funda moja. Kama meza ni ndefu, usijinyooshe juu ya sahani za watu, kuinua kunatosha. Hunywi pombe? Maji au juisi inafaa kabisa, na huna haja ya kujieleza. Ikiwa wewe ndiye unayeombewa heri, tulia. Usinywe pamoja nao, maana itakuwa kama kujipigia makofi. Wakishamaliza, unaweza kuwashukuru.

Matamshi hutusumbua kwa sababu ulimi wetu hupenda kumalizia na irabu. Si "chiasi." Kwa Mwingereza ni kama "chiaz", kwa mkupuo mmoja, Mmarekani huitamka na ile r.

Katika maandishi, wenzako wa kazini wakimalizia barua pepe kwa "Cheers" na jina, wajibu hivyohivyo bila wasiwasi. Barua ya kuomba kazi, malalamiko kwa mwenye nyumba au barua ya uhamiaji, tafuta neno jingine. Na kwenye rambirambi, hata kama mfiwa ni rafiki yako wa utani, usithubutu.