Jioni Moja Lisbon Ukiwa Safari ya Kikazi: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Anayekwenda Lisbon kwa mkutano au mafunzo mara nyingi hubakiwa na jioni moja tu iliyo yake. Mchana kutwa yuko ukumbini, na keshokutwa yuko uwanja wa ndege. Jioni hiyo haitoshi kuuzunguka mji wote, na wanaojaribu hurudi hotelini wakiwa wamechoka bila kukumbuka walichokiona. Kwa hiyo amua ukiwa bado nyumbani kama jioni yako itakuwa ya mlimani au ya mtoni. Mlimani ni Alfama na Graça, vitongoji vya zamani karibu na ngome ya São Jorge. Mtoni ni Belém, kilomita kama sita magharibi ya katikati ya mji, kando ya mto Tejo. Ukishaamua, mengine yote hupangika kwa kufuata uamuzi huo.

Kabla hata ya kutazama ramani, tazama jua linazama saa ngapi tarehe utakayokuwa huko. Sisi tumezoea magharibi kuingia saa 12 jioni au karibu na hapo, Januari hadi Desemba, na mazoea hayo hutupotosha Ulaya. Mwishoni mwa Juni jua la Lisbon linazama baada ya saa 3 usiku. Desemba linazama saa 11 na robo jioni, hata kikao hakijafungwa. Anayesafiri Juni akitoka ukumbini saa 12 ana mwanga wa kutosha kupanda mlima, kukaa na kushuka bila haraka. Wa Desemba ajiandae kuona mji wa taa, na abebe koti la mvua. Tofauti ya saa na Afrika Mashariki ni mbili majira ya joto na tatu majira ya baridi, maana yake saa 3 usiku ya Januari mwili wako unaihesabu saa 6. Kama una hiari, usitumie jioni ya kwanza uliyofika. Ipe ya pili.

Kwa Mwislamu mabadiliko haya yanagusa sala moja kwa moja. Magharibi ya Juni inaingia saa 3 usiku na Isha inasogea mbali zaidi, basi hakikisha programu yako ya nyakati za sala inasoma Lisbon na si Dar es Salaam. Msikiti mkuu wa mji, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha, na kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina hilohilo.

Ukichagua mlima, viatu ndiyo maandalizi yenyewe. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa na basalti vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi, na mvua kidogo tu ikinyesha vinateleza kama sabuni. Viatu vya ngozi vya mkutanoni viache hotelini, uvae raba zenye soli inayoshika. Beba na sweta jepesi hata majira ya joto, kwa sababu jioni upepo wa Atlantiki hupanda.

Inafaa pia ujue unakanyaga nini. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, mji huu ulipigwa na tetemeko la ardhi, kisha mawimbi ya bahari, kisha moto. Sehemu ya chini iitwayo Baixa ilijengwa upya kabisa chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, kwa mitaa iliyonyooka na nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta ili zistahimili tetemeko jingine. Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana vichochoro vyake bado vinajikunja. Anayetoka Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa hatapata shida humo. Ramani ya simu ndiyo itakayohangaika, hivyo ipakue mapema ukiwa na intaneti ya hoteli.

Wengi hukosea kituo cha kutazamia machweo. Portas do Sol ni pazuri, lakini panaelekea mashariki, juu ya mapaa ya Alfama na mto. Anayetaka jua linalozama apande hadi Graça au Senhora do Monte. Ngome yenyewe hufungwa saa 3 usiku kuanzia Machi hadi Oktoba na saa 12 jioni miezi mingine, na huacha kuingiza watu kabla ya hapo. Tramu namba 28 ndiyo ya picha, hujaa kupita kiasi, na wachomoa pochi wanaipenda. Ukiipanda, simu na pochi ziwe mfuko wa mbele. Mimi ningepanda kwa miguu.

Belém kwa mtu wa pwani yetu ni habari nyingine, na hapa naomba uandae moyo na ratiba pia. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya Mfalme Manuel I, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ndani ya kanisa lake kuna kaburi la Vasco da Gama, aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Miaka saba baadaye, 1505, meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Kuna kitu kingine ambacho Watanzania wachache wanakijua: katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, ambayo haiko Belém yenyewe, iko kazi ya dhahabu ya mwaka 1506 iitwayo Custódia de Belém, chombo cha kuonyeshea ekaristi, iliyofuliwa na Gil Vicente kwa dhahabu ya Kilwa. Dhahabu hiyo ilikuwa kodi ambayo Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa mwaka 1502. Nadhani kila mtu wetu anayefika Lisbon angepaswa kusimama mbele yake walau dakika tano.

Tatizo ni kwamba jioni milango hiyo imefungwa, na Jumatatu haifunguliwi kabisa. Kwa hiyo angalia ratiba ya mkutano kabla ya safari, utafute alasiri iliyo wazi au kikao unachoweza kukikosa kwa ruhusa ya mkuu wako, na uhakikishe kwenye tovuti ya makumbusho kwamba ukumbi wenyewe uko wazi wiki hiyo. Usipopata nafasi hiyo, bado jioni ya Belém haipotei. Mbele ya mnara wa ukumbusho wa safari za Wareno kuna ramani kubwa ya dunia ya marumaru iliyotandazwa chini, zawadi ya Afrika Kusini ya mwaka 1960, yenye njia na miaka ya safari hizo. Iko nje, hailipiwi. Tembea juu yake hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kufika huko kuna tramu ya 15 au treni fupi kutoka stesheni ya Cais do Sodré.

Chakula cha usiku huanza kama saa 2, na mapema zaidi utakuta meza tupu. Mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa kabla hujaagiza si zawadi, hulipiwa. Usipovitaka, virudishe bila kuvigusa, hakuna atakayenuna. Asiyekula nguruwe aulize hata kwenye supu, kwa maana caldo verde, supu ya majani ya mboga, hutiwa vipande vya soseji ya nguruwe. Nyama halali utaipata mitaa ya Mouraria, karibu na Martim Moniz, na dagaa wakubwa wa kuchoma ni salama kwa wote. Ukienda kusikiliza fado, nyimbo za jadi za Kireno, huko Alfama, weka nafasi mapema na uulize kiwango cha chini cha matumizi. Mwimbaji akianza, taa hupunguzwa na hakuna anayezungumza, hata wahudumu husimama.

Kwenye mashine ya fedha, ukiulizwa kama unataka kukatwa kwa sarafu ya nyumbani, kataa na uchague yuro. Mhudumu akikuuliza namba ya mlipa kodi, mwambie huna, lakini risiti ichukue kama ofisi itakudai marejesho ya masurufu. Plagi za huko ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo adapta inunuliwe nyumbani, maana simu ikizima jioni umepoteza ramani, tiketi na kadi kwa pamoja. Pasipoti ipigwe picha na nakala iachwe hotelini. Mtaani Baixa anaweza kukusogelea mtu akinong'ona anauza bangi. Usijibu, endelea na safari yako.

Treni za chini ya ardhi hukoma saa 7 usiku. Andika anwani ya hoteli kwenye karatasi, na namba ya dharura, 112, pembeni yake.