Jinsi ya kutengeneza tangazo la dawa huku kusini na kuelewana na mteja

Hii nawaandikia vijana wa dizaini na waandishi wa matangazo wa Mtwara na Lindi, nyie mnaochapa kadi za harusi na mabango ya semina halafu siku anaingia mwenye famasi au wakala wa kampuni kutoka Dar anasema nataka tangazo la dawa. Kazi hizi zinalipa vizuri, ila mtu atakunywa kitu kwa sababu ya maneno uliyoandika wewe, kwahiyo zifanyeni kwa akili mbili.

Kabla hata hujawasha kompyuta muulize ni dawa gani. Dawa za cheti, yani zile mpaka daktari aandike, hapa kwetu haziruhusiwi kutangazwa kwa wananchi. Hapa mteja atakwambia mbona kwenye TV za nje tunaziona, mjibu kwa upole kwamba ni kweli, Marekani na New Zealand wanaruhusu, nchi nyingi zingine hapana na sisi tumo kwenye hizo zingine. Usimwachie hapo lakini, mwambie anaweza kutengeneza kipeperushi cha kuwapa madaktari na wafamasia, chenye jina halisi la dawa, dozi na madhara yake. Mara nyingi anakubali maana hela yake bado ina kazi.

Na hata dawa isiyo ya cheti, tangazo linapita kwanza TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, likapate kibali ndo litoke. Bahati nzuri ofisi yao ya Kanda ya Kusini ipo hapahapa Mtwara, mtu wa Newala au Nachingwea hana haja ya kwenda Dar kuuliza swali. Ukiletewa ya tiba asili uliza na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mteja akianza kuzunguka zunguka, mara karatasi ipo kwa mshirika, mara tutafuatilia baadae, usianze kazi. Na anayetaka uandike inatibu presha, sukari na nguvu za kiume kwa chupa moja, huyo muage tu.

Sasa kuhusu kubishana. Mwenye duka huku kila mtu anamwita dokta, hata kama ni mfanyabiashara tu, na wengi ni wazee wetu, huwezi kumwambia "hapana" mbele ya vijana wake. Mi natumia kikaratasi kile cha ndani ya boksi. Naomba boksi zima, natoa kikaratasi, tunakisoma wote na kalamu mkononi, kinachofaa kutangazwa tunapigia mstari. Akisema "andika inaponya kabisa, haina madhara yoyote" namwambia "sawa dokta, nionyeshe mstari unaosema hivyo ili niunakili kama ulivyo." Anatafuta, anakuta orodha ya madhara, anacheka mwenyewe anasema basi andika inapunguza maumivu. Hakuna aliyeshindwa pale, karatasi ndo imesema. Ila kama dokta wako si mfamasia, omba mfamasia wake apitie pia, na jina lake liwepo kwenye meseji ya kukubali.

Picha nazo zinadanganya, na hapa ndo wengi hawaangalii kabisa. Chukua ORS, ile chumvichumvi ya mtoto anayeharisha, kitu rahisi kila mama anakijua. Kuna pakiti za kuchanganya na lita moja ya maji na kuna za nusu lita, sasa wewe ukichora kikombe cha chai na pakiti inamiminwa humo kwa sababu kikombe kimekaa vizuri kwenye dizaini, umeshamfundisha mama achanganye vibaya na chumvi ikizidi mtoto anaweza kuumia. Soma pakiti, kisha chora chombo kile kile ambacho mama wa Mikindani anacho nyumbani, chupa ya maji ya lita moja kama pakiti ni ya lita, na mstari unaoonyesha maji yafike wapi. Dawa ya maji ya mtoto ni hivyo hivyo, chora kile kikombe au kijiko chake cha kupimia, usichore kijiko cha jikoni maana havilingani. Halafu onyo liandikwe kwa herufi ambazo bibi anasoma akiwa amesimama dukani. Mteja atataka ulipunguze ili pakiti ionekane kubwa, punguza kitu kingine.

Marekebisho: kubali yatoke kwa mtu mmoja tu. Usipofanya hivyo bosi atatuma voisi saa nne usiku, mke wake atatuma nyingine asubuhi na wakala wa Dar atapiga simu anataka rangi ibadilike. Sikiliza voisi zote, ziandike kwenye meseji moja, mrudishie, "dokta nimeelewa hivi, niendelee?" Hela chukua nusu kabla ya kuanza, na ya kibali alipe yeye.

Muda nao. Msimu wa korosho ukifika minada ikianza Oktoba kila mteja anataka redio, bango na gari la matangazo wiki hiyo hiyo, kwa sababu hela ipo mtaani. Kibali hakikimbizwi, kwahiyo wafuate wewe mapema, mwezi wa sita au wa saba, wakiwa wametulia.

Kibali kikitoka weka faili lile lile lililopitishwa pamoja na nakala ya kibali sehemu moja, na wateja wakirudi kutaka saizi ya kubandika kwenye bajaji badilisha saizi tu. Wakitaka kuongeza hata neno "haraka", hilo ni tangazo jipya, linarudi TMDA.