Umwagiliaji wa matone kwa miti ya kukinga upepo mwambaoni mwa Ziwa Victoria

Miti ya kukinga upepo katika mwambao wa Ziwa Victoria, iwe Magu, Ilemela au Sengerema, hutakiwa kukua upesi na wakati huohuo kujenga mizizi itakayouhimili upepo wa ziwani unapovuma mchana kutwa. Umwagiliaji wa matone hukuza mti kwa urahisi. Uimara wa mizizi hutegemea namna mkulima anavyouendesha.

Panda vuli inapoanza, Oktoba au Novemba, ili mvua ifanye kazi ya mwanzo na mipira ya matone ianze kutegemewa hasa kiangazi cha Juni hadi Septemba. Mstari ukingame na upepo, na miche ya mjohoro au mgrevilea iachiane mita 2. Kabla ya kuvuta maji ziwani, omba kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Tangi lililoinuliwa mita 1.5 hutoa msukumo mdogo sana, hivyo kitundu cha kudondoshea maji kwenye mpira kilichoandikwa lita 4 kwa saa hakitafikisha kiasi hicho. Kinga kopo chini ya kitundu kilicho karibu na tangi na kingine cha mwisho wa mstari kwa saa 1, kisha upange muda wa kumwagilia kwa vipimo hivyo. Maji ya ziwa yana mwani na tope, kwa hiyo chujio ni lazima, na ncha za mipira zifunguliwe kila wiki ili uchafu utoke.

Kila mche upate vitundu viwili, na kimoja kiwe upande upepo unakotokea, kwa sababu mizizi ya upande huo ndiyo inayokaza kama kamba mti unaposukumwa. Mche ukishika, visogeze mbali na shina. Majuma ya kwanza mwagilia kila baada ya siku 2 au 3. Baadaye iwe mara moja kwa wiki, lakini kwa maji mengi, kwani maji kidogo ya kila siku huibakiza mizizi juujuu. Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, ambako maji huzama haraka, gawa kiasi hicho mara mbili.

Kiangazi cha pili mwagilia kila baada ya wiki 2 au 3. Majani yakilegea saa za jua kali na kuamka jioni, usifungue koki; fungua yakionekana yamenyauka alfajiri.