Tarumbeta la mtumba: kujua kiwanda na umri wake kabla hujalipia

Tarumbeta kuukuu likitua mezani kwa muuza vitu mchanganyiko pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, mara nyingi muuzaji ameshalisugua kwa limau na majivu ili ling'ae. Kama hajafanya hivyo, mwombe asilisugue. Stili waya na majivu hula maandishi, na maandishi ndiyo tunayoyatafuta.

Hatua ya 1: Osha tu. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo na kitambaa laini. Maji ya moto yanabambua vanishi, kwa hiyo yaache.

Hatua ya 2: Soma mdomo mpana, yaani upande wa mbele sauti inakotokea. Ingia kivulini, washa tochi ya simu na uilaze karibu ilingane na shaba, ili kila mchoro utupe kivuli chake. Maandishi yakiwa yamefifia, paka poda ya mtoto kisha pitisha kiganja mara moja: poda itabaki ndani ya herufi. Ikishindikana, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue penseli kwa ubavu. Nakili kila kitu, hata mstari mdogo wa chini.

Jina kubwa lisikubabaishe. Viwanda vingi vilitengeneza vyombo na kuvipiga jina la muuzaji. Lafleur, kwa mfano, lilikuwa jina la biashara la kampuni ya Uingereza, Boosey & Hawkes, na Corton ilikuwa kazi ya Amati, kiwanda cha mji wa Kraslice, Czech.

Hatua ya 3: Anwani na nchi ndizo zinazotaja umri. "Boosey & Co." peke yake ni kabla ya 1930, mwaka ambao kampuni hiyo iliungana na Hawkes & Son. Besson, kiwanda kingine cha Uingereza, yenye anwani ya London "198 Euston Road" ni ya zamani kweli, maana Boosey & Hawkes waliinunua Besson mwaka 1948. Ukikuta "Besson Sovereign", hapo uko 1974 au baadaye. Bach, ya Marekani, yenye mji wa "Mount Vernon" ni kati ya 1953 na katikati ya miaka ya 1960. Baada ya hapo huandikwa "Elkhart". "West Germany" haivuki 1990, na "Czechoslovakia" haivuki 1992. Pasipo nchi wala mji wowote, usilipe bei ya jina.

Hatua ya 4: Namba ya chombo, iliyopigwa na kiwanda. Kwa tarumbeta, tazama silinda ya pistoni (vile vitufe vitatu vya kubonyeza) ya katikati. Kwa tromboni, tazama karibu na maungio ya mtelezo, ule mrija mrefu unaosukumwa na kuvutwa. Namba bila jina la kiwanda haina maana, kwani kila kiwanda kilihesabu kivyake, na vingine vilianza upya. Kisha fungua pistoni zote tatu, moja moja. Kila moja ina 1, 2 au 3, na kwenye vyombo vingi bora pistoni nazo zina namba ya chombo. Pistoni moja ikiwa na namba tofauti, chombo kimeunganishwa kutoka viwili. Kitapiga, ila hewa hupenya pembeni na sauti za chini huwa dhaifu. Punguza bei.

Hatua ya 5: Jaribu sauti. Hapa ndipo vyombo vya Kiingereza vya zamani huwaumiza wanabendi wa matarumbeta ya harusini. Hadi katikati ya miaka ya 1960, bendi nyingi za Uingereza zilitumia sauti ya juu, yaani noti ya A ya mitetemo takriban 452 kwa sekunde, ilhali kinanda chako kiko 440. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya semitoni (hatua kati ya kitufe kimoja cha kinanda na kinachofuata): peke yako huisikii, ila kinanda kikiingia kila mtu anageuza shingo. Puliza dakika tano chombo kipate joto, kisha fungua programu ya kutyuni (kupima usahihi wa noti) kwenye simu. Tarumbeta la B-flat likikutaka uvute mrija mkuu wa kutyuni kama sentimita 2 zaidi ya kawaida, ni la sauti ya juu. Yufoniamu, chombo kikubwa cha sauti nzito, kwa urefu wa mrija wake, itataka kama 4.

Mrija mkuu peke yake hautoshi. Vuta na ule wa pistoni ya kwanza milimita 2 au 3, na wa tatu zaidi kidogo. Usipofanya hivyo, noti isiyo na pistoni itakaa sawa lakini zenye pistoni zitapanda. Mirija ikiwa imeganda, usiivute kwa koleo: tia mafuta ya cherehani kwenye maungio, acha usiku kucha, jaribu asubuhi.