Kutuliza ukali wa Marshall JCM800 2203

Ukishusha gein (kiwango cha kukuza sauti ya gitaa mwanzoni), amplifaya ya gitaa ya 2203 hutoboa masikio. Chanzo ni kapasita ya nanofaradi 1 kati ya mguu wa kuingilia na wa katikati wa potenshiomita ya priampu (kitasa cha hiyo gein): hupitisha trebo (sauti za juu), besi inabaki nyuma.

Chomoa umeme. Kapasita kubwa hubaki na volti zaidi ya 400, na hizo zinaua. Zimwage kwa rezista ya kiloohmu 10, wati 5, yenye waya zilizofunikwa, kisha pima kwa multimita mpaka isome karibu na sifuri.

Yeyusha lehemu, toa ile kapasita ya nanofaradi 1, weka ya pikofaradi 120, volti 500. Rezista ya kiloohmu 10 kwenye kathodi (mguu mmoja wa vali) ya hatua ya pili ya kukuza sauti iache kabisa. Ndiyo inayokata wimbi upande mmoja, na mkwaruzo mtamu wa amplifaya hii unatoka hapo. Lehemu ikiganda na chembechembe, haijashika: ipashe tena.