Amplifaya ndogo ya gitaa: namna ya kuipiga chumbani na jukwaani

Amplifaya ninayoitumia zaidi ina spika ya inchi 5, na inakaa kwenye begi la mgongoni pamoja na waya wake. Ile kubwa ipo nyumbani, siku hizi kazi yake ni kubeba vitabu. Nikifika kwenye shoo, hakosi mtu wa kuuliza, "Hicho kiredio ndicho utakachopigia?" Hicho hicho. Wengi wanaozilaumu amplifaya hizi wanazidai sauti nzito ya kutetemesha sakafu, nazo hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Ukiacha kuzidai hivyo, zinafanya kazi vizuri ajabu.

Hatua ya 1: Zielewe wati

Namba ya wati inadanganya sikio. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti inayosikika lakini haimshtui mtu. Ili msikilizaji aone sauti imekuwa maradufu, unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara 10. Kwa hiyo amplifaya ya wati 5 na ya wati 10 ni mtu na mdogo wake. Tazama zaidi ukubwa wa spika na uzito wa kasha. Wati 5 kwenye spika ya inchi 8 zinaweza kuifunika amplifaya ya wati 10 yenye kispika cha inchi 3.

Kwa chumbani wati 1 inatosha na kubaki. Kwa kuimba na gitaa mbele ya watu wachache waliokaa karibu, 5 hadi 15 zinakutosha. Mpiga dramu akishashika fimbo zake, hesabu hiyo imekwisha. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Wazo la amplifaya ndogo si geni. Amplifaya iitwayo Pignose 7-100 ilitoka mwaka 1973 ikiwa na spika ya inchi 5, betri 6 za AA, na kifundo kimoja tu chenye sura ya pua ya nguruwe. Huwa naikumbuka nikimwona mtu anahangaika na vifundo 9 dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani.

Hatua ya 2: Maliza habari ya umeme ukiwa bado nyumbani

Siku moja nilikuwa kwenye wimbo wa pili, gitaa la akustika mkononi, sauti ikaanza kukwaruza kama karatasi inayochanika. Nikashusha geini, kile kifundo cha nguvu inayoingia, hola. Nikabadilisha waya, hola. Nikajua spika imepasuka, nikamaliza shoo kwa aibu. Kumbe spika ilikuwa nzima. Usiku uliotangulia niliacha waya umechomekwa kwenye gitaa, na gitaa la aina hiyo huwasha mtambo wake wa ndani pale tu unapochomeka jeki. Betri ya volti 9 iliyomo ndani ya gitaa ilikuwa imekwisha kabla sijatoka nyumbani. Tangu hapo, nikiweka gitaa chini, mkono unakwenda kwenye jeki wenyewe.

Kuhusu betri za amplifaya: za alkalini hushuka nguvu polepole, zikakupa onyo. Za kuchaji za NiMH hushikilia nguvu yake muda mrefu, kisha zikaanguka ghafla. Vilevile kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo betri 6 zinatoa volti 7.2 badala ya 9. Amplifaya nyingi zinavumilia, lakini soma kijitabu chake kwanza. Usichanganye kuukuu na mpya.

Adapta ya ukutani nayo ina masharti. Volti zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye amplifaya. Ampea zikizidi si neno, zikipungua ni tatizo. Halafu tazama kile kimchoro cha duara kinachoonyesha kama katikati ya jeki ni chanya au hasi, maana ukikigeuza unaweza kuunguza mtambo. Ukisikia mngurumo, chomoa adapta upige kwa betri. Ukikoma, mwizi wako ni adapta. Ukiendelea, shuku waya au gitaa lenyewe.

Hatua ya 3: Panga sauti kwa kuanzia katikati

Weka vifundo vyote vya toni kwenye 5 kati ya 10, halafu anza na besi, uishushe hadi 3. Najua, mkono unataka kuipandisha. Waya mnene wa juu kabisa wa gitaa, ukipigwa wazi, unatoa takriban hezi 82, na spika ya inchi 5 haiwezi kuisukuma sauti hiyo kwa nguvu. Unachokisikia ni vivuli vyake vya juu, yaani zile sauti nyembamba zinazoambatana nayo, sikio linajaza pengo. Ukikazana na besi, unakula wati zote kwa kuifanya karatasi ya spika ipige makofi.

Sasa pandisha sauti za kati hadi 6 au 7. Hapo ndipo gitaa linapoishi, na ndipo linapopenya katikati ya waimbaji. Peke yako utaona kama linaongelea puani. Mwachie mwenzako aimbe juu yake ndipo uhukumu.

Geini na masta vinawachanganya wengi. Geini ni kiasi unachoingiza, masta ni kiasi unachotoa. Ukitaka sauti safi na kubwa, masta iwe juu na geini ipande hadi pale gitaa linapoanza kuchafuka ukipiga kwa nguvu, kisha irudishe kidogo. Ukitaka disto, yaani ile sauti ya kukwaruza ya roki, tumia nusu ya ile unayoipenda chumbani. Disto nyingi kwenye spika ndogo inageuka nyuki.

Hatua ya 4: Mazoezi ya nyumbani

Hapa sina mengi. Tumia hedifoni za waya. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji mdogo tu unatosha kukuvuruga mapigo. Ukipigia juu ya wimbo kutoka kwenye simu, wimbo uwe chini ya gitaa ili makosa yako yasikike. Mwangwi zima kabisa unapofanya mazoezi ya vidole, kwa kuwa unaficha uchafu.

Ila hili likumbuke: sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza. Toni uliyoipanga saa za usiku kwa sauti ya kunong'ona itakuwa nzito mno ukifungua masta jukwaani. Panga upya ukifika.

Hatua ya 5: Mahali pa kuiweka

Kama utachukua hatua moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, chukua hii. Amplifaya ikiwa sakafuni, sauti kali ya juu inakwenda kwenye magoti yako na vifundo vya miguu ya walio mbele. Wewe huisikii, unaongeza masta, wao wanaziba masikio.

Ipandishe kwenye kiti. Kunja kitambaa uweke chini ili kiti kisitetemeke nayo. Iinamishe kwa nyuma kidogo hadi uso wa spika ukutazame. Ukitaka besi ya bure, isogeze karibu na ukuta, au kwenye kona ikiwa sehemu ni kavu mno. Nje mahali pa wazi hakuna ukuta wa kukusaidia, na kila umbali unapozidi mara mbili unapoteza takriban desibeli 6, kwa hiyo sogeza watu, usisogeze masta.

Gitaa la akustika likianza kupiga mluzi, geuka pembeni usilielekeze tumbo lake kwenye spika. Kifuniko cha mpira kwenye tundu la gitaa husaidia kuliko vifundo vyote.

Hatua ya 6: Kuunganisha na vyombo vya ukumbi

Penye dramu au watu wengi, amplifaya yako iwe ya kukusikilizisha wewe, na mitambo mikubwa ibebe ukumbi. Njia ninayoipenda ni maikrofoni. Shure SM57 au ya aina yake, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye wavu wa spika, ikilenga kati ya kitovu na ukingo. Kitovuni sauti inachoma, ukingoni inafifia. Sogeza kwa upana wa kidole, sikiliza, sogeza tena.

Njia ya pili ni tundu la kutolea sauti ("line out") au la hedifoni kwenda kwenye miksa. Tundu la hedifoni mara nyingi huzima spika, na mara nyingi ni la stirio, kwa hiyo jiandae na waya unaofaa. Waya ukizidi mita 5 au 6, omba kisanduku cha DI, kile kinachoiandaa sauti ya gitaa isafiri kwenye waya mrefu bila kelele. Na kabla ya kuchomeka, mwombe fundi mitambo afunge chaneli. Mimi niliwahi kusahau, ukumbi mzima ukaruka, na fundi akaniambia kwa upole uliouma kuliko tusi: "Kaka, siku nyingine nipe ishara."

Shoo ikiisha, zima, chomoa jeki pande zote mbili, na kama hutapiga kwa wiki kadhaa toa betri kabisa. Alkalini ikivuja inakula vishikio vya chuma, na kuvisafisha kwa siki na pamba ni kazi ya jioni nzima.